Bi Eufrasia Safari: Sina Neno, Lakini Nipo

Bi Eufrasia Safari, tunayemzika leo hapa Wete, alizaliwa Gando tarehe 12 Juni 1957. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee Safari Kalunde, aliyetoka Tabora kuja kuchuma karafuu asirudi tena. Alibatizwa akiwa mchanga, akasoma Gando hadi darasa la saba, kisha akaja Wete kujifunza ushonaji.

Kazi yake mnaijua, maana wengi wenu mmeivaa. Sare za shule, kanzu za Idi, magauni ya komunyo, zote zilipita kwenye cherehani ileile. Na ulimi wake mnaujua pia. Ukimpelekea kitambaa kisichotosha, alikwambia, "Basi punguza mwili, mwanangu, mie siwezi kurefusha kitambaa."

Tarehe 5 Mei 1984 alifunga ndoa na Apolinari Matano, seremala, ambaye sasa ni marehemu. Walijaliwa watoto wawili, Skolastika na Damasi. Nyumba yao na ya jirani yao, Bi Ruweida, zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Kila alfajiri Bi Ruweida alipokuwa kwenye mswala wake, alimsikia mama upande wa pili akimwomba Mungu kwa sauti.

Mwaka 2009 Damasi aliugua homa. Mama alimwombea mpaka sauti ikamkauka, na kijana akafariki. Tangu hapo sala zikakoma. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa kimya, akarudi. Moyo wake ulikuwa umechoka, na kila siku iliyopita bila sala ilimzidishia haya ya kurudi mbele za Mungu. Sisi wa nyumbani tuliogopa kumuuliza. Aliyethubutu ni Bi Ruweida.

"Eufrasia, mbona ukuta umenyamaza? Mie siku hizi nikisali najiona peke yangu."

"Sina neno la kumwambia Mungu, dada. Yote nilimaliza kwa Damasi."

"Basi mwambie hilo hilo. Kwani hajui?"

Masikini mama, alilia siku ile! Kesho yake alfajiri alipiga magoti, akasema, "Bwana, sina neno, lakini nipo." Kwa miezi mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sala yake yote. Hakungoja moyo uchangamke kwanza. Alisali na uchovu wake vivyo hivyo. Taratibu maneno yakarudi, na nyimbo za kwaya yake ya kanisani zikarudi, na ukali wake kwa wanakwaya wachelewaji nao ukarudi.

Mwaka jana maradhi ya moyo yalimshika. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Sauti yake ilipofifia, Bi Ruweida alisogeza mswala wake mpaka ukutani apate kumsikia.

Mama alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025. Skolastika alimfumba macho, akafungua mlango aende kutoa habari. Akamkuta Bi Ruweida keshafika kizingitini, buibui kalivaa upande, machozi yanamtiririka.

"Leo sikumsikia," alisema.

Mama ameacha binti yake Skolastika, mkwe mmoja, ndiye mimi ninayesema nanyi, wajukuu watatu, na Bi Ruweida, aliyekuwa dada yake kuliko wa tumbo moja.

Mama, leo na sisi hatuna neno, lakini tupo. Lala mikononi mwa Bwana uliyerudi kuzungumza naye.