Mama Maige na Sahani Iliyokuwa Ikirudi

Ndugu waombolezaji, Melania Kamili, Mama Maige, tunayemzika leo ni wifi yangu. Mimi Eufrasia nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Sauti ikinikatika, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa hapa Ushirombo tarehe 14 Machi 1939, mtoto wa tatu wa Mzee Kamili na Mama Serafina, wakulima. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1952, akaishia hapo kwa sababu baba yake alianza kuugua.

Mwaka 1957 alikwenda Shinyanga mjini kufanya kazi za ndani kwa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Mama wa nyumba ile, Mama Shirin, hakumficha jiko lake. Huko ndiko marehemu alikojifunza kupika kuku wa bizari ambaye wengi wenu mmemla. Kuku anachunwa ngozi, anakatwa vipande vidogo, analazwa kwenye mtindi wenye kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili. Vitunguu vinakaangwa kwa samli mpaka viwe vya kahawia, nyanya zinafuata, ndipo kuku aingie na sufuria ifunikwe. Alikuwa akisema kazi si ngumu, ila usiwe na haraka na vitunguu. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Tarehe 25 Agosti 1962 alifunga ndoa na kaka yangu Pantaleo Bujiku, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Geita. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, walirudi hapa nyumbani kulima pamba. Katika ukoo wetu wanawake walikuwa hawali kuku. Tulimnyonyoa, tukampika, tukawapelekea wanaume. Krismasi ile marehemu alipika kuku wake wa bizari, akawapakulia wanaume, kisha akajipakulia na yeye, akaketi kula. Mama yetu, Tereza, alisimama mlangoni.

"Kuku umemchuna kama mbuzi, na sasa unamla! Nimeletewa mkwe au mwanamume?"

Marehemu aliinuka. Alipakua sahani nyingine, akaifunika, akampelekea. Ilirudi imefunikwa vilevile. Tangu hapo kila Krismasi na kila Pasaka sahani ilikwenda nyumbani kwa mama, na kila mara ilirudi. Sisi wanawake wengine tulianza kula, kwanza nyuma ya jiko, baadaye hadharani. Mama hakuyumba. Nilipomwambia wifi aache kujisumbua, alinijibu, "Huyu ndiye mama niliyepewa. Sitachoka mpaka ale nami." Alikuwa mbishi, tuseme ukweli, na mama yetu ni mbishi kuliko yeye. Hawakutukanana hata siku moja. Kila asubuhi wifi alimwamkia kama mama mzazi, "Shikamoo, mayu," naye mama akaitikia "Marahaba." Lakini hawakuwahi kula pamoja, na jambo hilo lilimuuma sana wifi yangu.

Mwaka 1974 alifungua mgahawa karibu na stendi ya mabasi. Miaka ile bidhaa zilipoadimika, alipanda tangawizi na manjano nyuma ya nyumba, na mgahawa haukufungwa.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 1985. Agosti mwaka huu alilazwa hospitali, akawa hataki chakula chochote. Ndipo mama, pamoja na uzee wake, alipokamata kuku. Alimchuna kwa mikono yake, akaniita nimwelekeze, na akanifokea nilipoharakisha vitunguu. Tulimfikisha kuku wodini angali wa moto. Marehemu aliinuka kidogo, akaonja mchuzi.

"Chumvi imekaa sawa, mayu. Umejuaje?"

Mama alitazama dirishani. "Nimeonja. Ningekuletea kitu nisichokijua?"

Wifi alicheka mpaka akashika kifua. "Basi kaa, tule."

Wakala sahani moja. Marehemu alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1986, nasi tumebaki na uchungu usiosemeka.

Ameacha mume, Pantaleo, watoto Maige, Paskalia na Esta, wajukuu wanne, na mama mkwe, Tereza. Mama amenituma niseme mbele yenu kwamba sahani zile zote alizifunua, akanusa, akazifunika tena, na kwamba anamwomba mkwewe radhi.

Pumzika, wifi. Mungu akukaribishe mezani pake.