Barua Isiyofutwa katika Faili la Mama Jedwali

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake marehemu, wanafunzi wake wa zamani na wa sasa, na ninyi wakubwa wa chuo mlioketi mstari wa mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, wa tumbo moja naye, fundi seremala kwa kazi, na familia imenipa jukumu la kuisoma historia hii. Kamati ya mazishi iliniomba nipunguze makali, nikakaa na karatasi siku nzima nikapunguza, kwa hiyo haya mtakayoyasikia ndiyo yaliyokwisha kupunguzwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Februari 1962, mtoto wa pili kati ya watano, baba yetu akiwa mpishi wa hospitali na mama mshonaji wa sare za shule. Tarehe hiyo nimeitoa kwenye kadi yake ya kliniki, si kwenye kitambulisho, kwa sababu kitambulisho kinasema Machi, na marehemu alihangaika miaka kumi na moja kukirekebisha, mpaka karani mmoja akamwambia kwamba mwezi mmoja haujawahi kumuua mtu. Alirudi nyumbani siku hiyo amevimba kwa hasira, akasema kama wanakosea siku aliyozaliwa mtu aliyesimama mbele yao, je, wale wasioweza kusimama.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stendi ya zamani kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1981, akapata stashahada ya ukutubi mwaka 1984, na shahada aliipata mwaka 1994 kwa masomo ya jioni, akiwa na watoto wawili wadogo na mume aliyekuwa porini akipima mipaka.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia Januari 1985, ilikuwa ukarani katika ofisi ya sensa, ambako aliketi kwenye chumba kisicho na dirisha akipanga fomu za kaya, na huko ndiko alikogundua kwamba mtaa mzima wa wauza mkaa haukuwa na fomu hata moja, akafuatilia, akaambiwa kwamba mhesabuji aliwaogopa mbwa wa mtaa ule akapita mbali. Mtaa mzima, ndugu zangu, ulikosa zahanati miaka sita kwa sababu ya mbwa wawili. Tangu hapo akawa na maswali yake matatu, ambayo kila aliyepita mikononi mwake anayajua: nani alihesabu, alihesabu lini, na alimwacha nani nje.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu mpima ardhi, huyu mnayemwona hapa, ambaye anakiri mwenyewe kwamba alipomwambia marehemu anampenda kuliko wanawake wote, aliulizwa wote hao ni wangapi na aliwapata wapi. Wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa mwaka 1988, ambaye ni mkunga, na mdogo mwaka 1992, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na wajukuu wanne.

Alijiunga na chuo tarehe 1 Septemba 1990 kama mkutubi msaidizi, na kuanzia mwaka 1996 akafundisha somo la utafiti katika Chumba Namba Saba, kile cha chini kinachopakana na vyoo, ambacho kilipopata kompyuta kilipata tisa, sita zikiwa nzima. Wanafunzi walikuwa wakifika wakiamini utafiti ni kunakili kazi ya kaka zao waliotangulia na kubadilisha jina la juu, au kwenda kwa wauza fotokopi wakaipate imekwisha kuandikwa. Yeye aliwaketisha mbele ya tovuti za serikali, zile zilizo wazi kwa kila mtu, za sensa, za mvua, za bei za mazao, za vizazi na vifo, akawaambia, na nayasema maneno yake kama alivyoyasema, kwamba serikali imekuhesabu wewe, mama yako na mbuzi wako, sasa nenda ukaisome hesabu yako, hailipiwi. Aliyeandika kwamba watu wengi hawana ardhi alirudishiwa karatasi yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu: wengi wangapi? Wakambatiza Mama Jedwali, wakidhani hajui, naye akawa anasaini hivyo kwenye madaftari yao.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ingependa nipite haraka haraka, na sitapita.

Tarehe 3 Mei 2017 idara ya maji ilichapisha, kama ilivyo kawaida yake kila miezi mitatu, jedwali la upimaji wa visima. Wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, waliokuwa wakifanya utafiti wao chini ya marehemu, wakakuta kisima kinachohudumia mabweni ya chuo kimeshindwa kipimo mara nne mfululizo. Hawakutia chumvi, hawakumtukana mtu, waliandika namba kama zilivyo, wakajibu maswali yote matatu, wakawasilisha. Mkuu wa chuo wa wakati ule alikuwa amekwisha kuwaambia wageni kwamba maji yale yanafaa kwa mtoto mchanga. Tarehe 12 Juni marehemu akapewa barua ya kumtuhumu kuvujisha takwimu za siri na kuwachochea wanafunzi.

Za siri. Jedwali lilikuwa limekaa hadharani siku arobaini. Alipoitwa ofisini kujieleza, marehemu aliomba kiti cha katibu muhtasi, akaketi mbele ya wakubwa wote, akalifungua kwenye kompyuta ya ofisi yao wenyewe bila kuulizwa neno la siri, kwa muda usiotosha hata kupoza kikombe cha chai. Wakatazamana. Kisha mmoja wao akasema kwamba hata kama liko wazi, halikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi. Mimi ni seremala, sijasoma utafiti, lakini naomba niulize mbele ya jeneza hili, liliwekwa kwa ajili ya nani basi, kama si kwa ajili ya wale wanaoyanywa hayo maji?

Badala ya kufunga kisima, walifunga Chumba Namba Saba. Somo likaondolewa kwenye ratiba mwezi Julai, marehemu akahamishiwa stoo kutunza funguo na madawati mabovu, wakidhani atakata tamaa. Wanafunzi wakamfuata huko huko, wakaketi juu ya madawati yenye miguu mitatu, nami nilikwenda Jumamosi mbili kuyagonga misumari, nikawakuta ishirini na wawili wamezunguka simu moja. Mwezi Machi 2019 wanafunzi thelathini na mmoja walilazwa kwa homa ya matumbo, na idadi hiyo siibuni, iko kwenye ripoti ya hospitali ya wilaya, nayo pia iko wazi. Kisima kikafungwa. Barua haikufutwa. Hakuna aliyemwambia pole, na alistaafu Februari 2022 ikiwa bado ndani ya faili lake, akiitwa mvujishaji na watu waliokuwa wakimpita koridoni wameinamisha vichwa.

Alianza kuugua ini mwezi Novemba 2023, akalazwa mara tatu. Tarehe 20 Agosti mwaka huu wa 2024, maofisa wawili wa chuo walifika wodini na karatasi, wakamweleza kwa sauti laini, ile ya kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba chuo kinaandaa kitabu cha maadhimisho na kingependa kumtaja, ila kwanza atie sahihi maelezo mafupi ya kusikitishwa na usumbufu uliotokea, ndipo barua iondolewe. Nilikuwepo. Aliomba miwani, akaisoma yote, akakuta wameandika kwamba jedwali lilichapishwa Juni, akaomba kalamu. Wale maofisa wakatabasamu. Akaikata Juni, akaandika tarehe 3 Mei, akawarudishia. Mahali pa sahihi hakupagusa. Alituaga tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, binti zake wote wawili wakiwa wameshika mikono yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyevumilia kuulizwa kila siku kipimo kimesomwa saa ngapi. Tunawashukuru majirani waliopika na kufua bila kuitwa, na walimu wenzake watano, ndiyo, watano, niliwahesabu mwenyewe, waliothubutu kwenda stoo kumsalimia mchana kweupe. Tunamshukuru karani wa idara ya maji, tusiyemjua hata kwa sura, ambaye mwezi ule aliandika namba ya kisima kile bila kuibadilisha, ingawa bila shaka angeweza.

Mkuu wa chuo wa sasa amekuja na shada la maua, tumelipokea kwa heshima, na amekuja pia na hotuba, nayo nimeambiwa ni nzuri sana. Familia imekaa na kuamua kwamba hotuba hiyo itasomwa siku barua ya tarehe 12 Juni itakapofutwa kwa maandishi, si kabla, na tutakuwa tayari kuisikiliza hata kama ni hapa makaburini, hata kama ni mimi na shemeji tu tuliobaki. Kwa leo, ratiba inaendelea na maziko.

Dada, tumekuandikia tarehe sahihi kwenye msalaba, ni Februari. Pumzika kwa amani, hukuvujisha siri ya mtu.