Fundi Cheche, Maziwa na Ukuta wa Nyuma

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mafundi mliosimama kule nyuma kana kwamba viti hivi vimewekwa kwa ajili ya watu wengine, familia imenituma mimi, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha ya mdogo wangu. Nawaomba mnivumilie nikikatiza, kwa maana sauti imekauka, miguu imechoka, na hii ni mara ya pili mimi, mwalimu mstaafu mnayemtuma kila panapotakiwa mtu wa kusoma, nasoma historia ya mtu aliyetoka katika karakana ile ile.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Cheche hata mkasahau kwamba alikuwa na jina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika chumba cha uani cha nyumba ya wazazi wetu, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikisema alikuwa mzito na mbishi tangu mwanzo naomba niaminiwe.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na stesheni ya reli kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akakaa karibu na dirisha, na kutoka pale aliwatazama mafundi waliokuwa wakichomelea mabehewa, mpaka mwalimu wake wa hesabu akamwambia baba kwamba mwili wa mtoto huyu upo darasani lakini akili imeshapanda treni. Januari 1985 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu Desemba 1986, na siku ya mtihani kiungo alichochomelea kilipigwa nyundo mbele ya wenzake kikakataa kuachia, jambo alilotusimulia kila alipopata mgeni mpya.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika gereji ya mabasi, na tarehe 1 Julai 1996 akafungua karakana yake mwenyewe pamoja na rafiki yake tuliyemwita Nondo, wakawa wanatengeneza mageti, vitanda, ngazi na minara ya matangi ya maji, na wengi wenu leo mmefunga mageti aliyoyatengeneza yeye ndipo mkaja hapa kumzika. Mwaka 2003 wezi waliingia kwa nyuma wakabeba mashine, naye kwa hasira akajenga ukuta wa matofali mpaka ukagusa bati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, mdogo wangu akafanya yote mawili kwa wakati mmoja, na tangu hapo moshi ukakosa pa kutokea isipokuwa mlango wa mbele, ambao nao nusu yake iliegemezwa vyuma.

Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1995, ambaye ndiye mnayemwita Fundi Mdogo na ndiye anayeishika karakana hivi leo, na kijana aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye ni muuguzi. Ndoa yao ilikuwa na maneno mengi na ugomvi mchache, na katikati yake palikuwa na kikombe cha maziwa.

Mafundi wanajua ninachokisema, ila wengine niwaeleze. Fundi akichomelea bomba lililopakwa zinki, jioni hushikwa na baridi, homa na ladha ya chuma mdomoni, asubuhi anaamka mzima, na homa hiyo humkamata zaidi Jumatatu baada ya kupumzika Jumapili, ndiyo maana walimcheka kila aliyeugua wakidai anaikimbia kazi. Dawa waliyorithishana ni maziwa, kwamba yanakata sumu, basi wifi yangu kwa miaka zaidi ya ishirini aliacha cherehani kila mchana, akavuka barabara na chupa ya maziwa, na kwa kuwa moshi ulimkaba hakuingia ndani, alisimama upande wa pili chini ya kibaraza cha duka akaita, na mume wake akatoka kwenda kunywa, wakakaa wakataniana mpaka chupa ikaisha.

Kuku wake wifi hawakuletewa maziwa. Walichakura takataka zilizofagiliwa kutoka karakana, zikamwagwa uani, wakaacha kutaga, wakaanza kukoroma, wakafa mmoja mmoja, mchicha uliopandwa pale pale ukatoka rangi ya majivu, na vyura wa mtaro wa nyuma wakanyamaza hatukujua tangu lini. Marehemu alisema kuku wa siku hizi hawana adabu. Sikio la kufa halisikii dawa, na la mdogo wangu lilikuwa limezibwa na kelele za mashine.

Alianza kukosa pumzi mwaka 2016, akaificha hali hiyo kwa dawa za kikohozi, na mficha maradhi kifo humuumbua, kwani Agosti 2021 Nondo alitangulia, nami nikasimama nikasoma kwamba aliugua kifua kwa muda mfupi, kama familia yake ilivyotaka. Februari 2022 ndipo Cheche alipokubali kupelekwa hospitali ya magonjwa ya kifua, mkono wake wa kulia ukiwa umeanza kutetemeka, na daktari wake, ambaye yupo nasi hapa, akatueleza kwa subira kwamba moshi wa chuma ni chuma chenyewe, chembe ambazo wataalamu wanaziita nano, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ukiugawanya unene wake mara elfu ndipo unazikaribia. Alisema vumbi linaloonekana lina heshima, hukaa puani likatoka na kamasi, lakini hizi hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, zikavichoma, nyingine zikapenya kwenye damu zikaenda zinakotaka, hata ubongoni, ndiyo maana ya mkono ule. Kitambaa alichojifunga puani miaka yote, alisema, ni wavu wa samaki uliotegwa kunasa mbu.

Wifi yangu akauliza kuhusu maziwa. Daktari akamjibu polepole kwamba maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, na njia hizo hazikutani, na mimi niliyekuwepo nasema sijawahi kuona mtu akichoka ghafla kama alivyochoka wifi. Hapo mdogo wangu, akihema, akasema, "Mama nanihii, yale maziwa ndiyo yaliyonitoa nje." Tukamweleza daktari kwamba Nondo alikula ndani na kupumzika ndani, akafikiri, akasema ni kweli, pengine mchana ule chini ya kibaraza ndio uliompa rafiki yake miaka ya ziada.

Tangu siku ile alitaka ukuta wa nyuma ubomolewe. Haukubomolewa, kwanza kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja, kisha kwa hofu ya wezi, na mwisho kwa kuwa Fundi Mdogo alisema ukuta wa baba haubomolewi na mtoto baba akiwa kitandani. Na Fundi Mdogo, mnisamehe nikilitamka hadharani, tangu mwaka jana anaugua kila Jumatatu.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, akiwa wodini, akiwa na umri wa miaka 56, akamwacha mjane na watoto wawili. Alinikataza nisisome kwamba aliugua kwa muda mfupi. Ameuawa na moshi wa kazi yake, ndivyo alivyotaka nisome, na nimesoma.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wote, majirani mliopokezana kukesha wodini, na mafundi wenzake. Ninyi mafundi tumesikia mmepanga kesho kumchomelea uzio wa chuma wa kaburi, wenye maua, kazi nzuri kuliko zote mlizowahi kufanya, mle mle ndani ya karakana. Asanteni, ila hapana. Aliniagiza hivi, "Dada, mwambie mwanangu mbele ya watu, ukuta ni wangu na nimeruhusu." Kwa hiyo shangazi yako amekwambia, mwanangu, na watu wamesikia, basi tukitoka hapa mafundi wachukue nyundo badala ya mashine.

Wifi yangu anasema kesho mchana atavuka barabara kama kawaida, atasimama chini ya kibaraza, ataita. Maziwa hayakati sumu, anajua. Ila ukiitwa, mwanangu, utoke.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, tumekuachia mlango wazi.