Jina la Mama Ngoie Mgongoni Mwangu

Bwana asifiwe, watu wa Kolwezi! Semeni tena nisikie, maana huko ninakotoka watu humsifu Mungu wamefumba midomo kwa baridi. Asifiwe!

Ndugu zangu, mimi ni Ngoie. Wengine hapa mlinijua nikiwa mtoto wa kambi ya wafanyakazi, binti wa Tata Mukendi, fundi wa mashine za mgodi. Swahili yangu imekaa miaka mingi kwenye barafu, ikiteleza, mnivumilie. Kazi yangu ni golikipa wa hoki, ule mchezo unaochezwa juu ya barafu, wachezaji wamevaa viatu vyenye kisu chini na kila mmoja ana fimbo mkononi. Najua mnacheka. Hata mama mzazi alicheka, kisha akaniuliza kama huko Kanada hakuna kazi nyingine.

Jina Ngoie si la ukoo wetu. Sisi ni watu wa Kasai. Babu aliletwa huku kuchimba shaba, baba akazaliwa hapa, nami nikazaliwa hapa. Siku mama aliposhikwa na uchungu, baba alikuwa mgodini, na aliyenipokea kwa mikono yake ni jirani yetu, Mama Ngoie, mke wa karani, mtu wa kaskazini mwa Katanga. Baba alipofika nyumbani, bila kufikiri mara mbili, akanipa jina lake. Ninyi mnajua desturi yetu: anayebeba jina lako ni wewe mwenyewe. Basi mume wa Mama Ngoie akawa ananiita mke wake, na wanawe wenye ndevu wakaniita mama, nami sijaota hata jino.

Lakini jina lina kazi zake. Kila Jumamosi nilipelekwa kwa Mama Ngoie kung'arisha sakafu yake ya simenti kwa siraji, ile nta nyekundu. Hakutaka nipige magoti. Alinifunga vitambaa miguuni, nami nikawa nasukuma kwa upande, kutoka ukuta huu hadi ule, magoti yamekunjwa, macho mbele. Na alikuwa mkali, jamani! Akiona alama ya kidole kimoja, unaanza upya. Nilinung'unika sana. Sikujua Mungu ananifundisha kazi.

Kisha mambo yakaharibika. Mgodi ukaanguka, mishahara ikakatika, duka la kampuni likabaki na rafu tupu. Watu wenye njaa wakaambiwa kwamba wenye makosa ni Wakasai, yaani sisi. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Tulitolewa kwetu mchana kweupe, mama amebeba sufuria, baba amebeba kitanda ambacho hakukifikisha popote. Tukatupwa stesheni, maelfu ya watu, tukingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Tuliishi juu ya mawe ya reli, chini ya mashuka. Sitawaficha: pale palikuwa pabaya. Watoto walikuwa wanakufa, na surua ikanishika na mimi. Macho yakafunga, kifua kikajaa. Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa cha kunifunika.

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu alipomtuma mtu! Ilikuwa imekatazwa kumsaidia Mkasai; ukionekana na maji, ukionekana na unga, nyumba yako inachomwa. Mama Ngoie akaja jua la saa sita mchana, amevaa kitenge cha kanisani, akapita katikati ya watu wote wakimwona. Akasimama mbele ya mama.

"Nipe jina yangu," akasema. "Ikipona, nitakurudishia."

Mama akanifunga mgongoni mwa yule mwanamke, nami nilikuwa msichana mkubwa, miguu inaning'inia.

Alinificha chumba cha nyuma. Alinipa uji kwa kijiko, akaniombea akinipangusa macho kwa maji ya chumvi. Nilipoanza kupona miguu haikuwa na nguvu, nayo dawa yake mnaijua: alinifunga vitambaa. "Sukuma pole pole," akasema. "Shika ukuta." Nikajifunza kutembea upya kwa kung'arisha sakafu.

Nilikuwa hapo hapo sebuleni, vitambaa miguuni, vijana walipogonga mlango. Aliyewatangulia alikuwa Kalenga, mtoto wa mdogo wake Mama Ngoie. Ameshika rungu. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Mama Ngoie akasimama mlangoni, mkono mmoja ukuta huu, mkono mwingine ukuta ule.

"Mama mukubwa," Kalenga akasema, "batu banasema mu nyumba yako muko mutoto wa Bakasai. Mutoshe inje."

"Muko mutoto moya tu. Anaitwa Ngoie."

"Baba yake ni Mukendi. Tunamujua."

"Mi sikuuliza baba yake. Nimekuambia jina." Akageuka, akanivuta mbele yake. "Weye Kalenga, mama yako hakukufundisha? Mwenye kubeba jina yangu ni mimi. Kama mi niko mama yako mukubwa, na huyu ni mama yako mukubwa. Unafika ku nyumba ya mama yako na rungu, hata yambo haumupe? Musalimie!"

Kalenga alinitazama, mtoto mwenye madoa ya surua, kichwa kimenyolewa.

"Musalimie, ao upandishe bamama yako babili mu treni. Mi naanza kupanda."

Rungu likashuka polepole. "Yambo, mama," akasema.

Nilijibu kama nilivyofundishwa kumjibu mtoto wangu: "Yambo, baba." Basi! Mtu aliyekwisha kukusalimia kama mama, anakufukuza vipi? Waligeuka, wakaenda zao, na hawakurudi tena. Haleluya!

Nilipopona, Mama Ngoie alinirudisha stesheni mwenyewe, kama alivyoahidi, na mama alipiga kelele hadi watu wakadhani treni imefika. Ilifika baadaye, tukaondoka juu ya mabehewa ya wazi. Kasai tulikuwa wageni kwetu wenyewe. Tulilima, tulilala njaa, tukaombewa na kanisa dogo, mpaka mjomba aliyekuwa Kanada akapata njia ya kutuita.

Huko shule ilitupeleka kwenye uwanja wa barafu. Wenzangu wageni walianguka kama magunia ya makaa. Mimi nikakunja magoti, nikatazama mbele, nikasukuma kwa upande. Sikuanguka! Mwalimu wa mchezo alikuja mbio kuuliza nimejifunza wapi. Nilimwambia: kwa Mama Ngoie. Akauliza hiyo ni klabu gani.

Golikipa huenda kwa upande, ndugu zangu. Ukuta huu hadi ule. Nilianzia timu ya shule, nikaenda timu ya chuo, kisha timu ya wanawake ya jiji. Nimevunjwa jino, nimechekwa kwa rangi yangu, nimekaa benchi msimu mzima nikilia. Lakini kila nikisimama golini namwona golikipa wa kwanza niliyemjua, amefunga kitenge, na mbele yake rungu. Siku ya fainali, sekunde za mwisho, mchezaji wao alikuja peke yake na kile kipande cheusi cha mpira mgumu kwenye fimbo. Akapiga. Nikasukuma mguu, nikauziba mlango. Na uwanja mzima ukasimama ukiita jina lililo mgongoni mwa jezi yangu: Ngoie! Ngoie! Watu hawakujua wanamwita nani. Mimi nilijua, nikalia ndani ya kinyago changu cha golikipa.

Mama Ngoie, simama wakuone. Ni huyu. Amezeeka, lakini msimjaribu. Jezi ile ya fainali nimemletea zawadi. Aliishika, akaivuta kuona ugumu wake, akasema, "Hii kitambaa ni ya nguvu. Itafaa kwa siraji." Basi jana, mimi niliyepigiwa makofi na uwanja mzima, nilifungwa jezi yangu miguuni, nikang'arisha nyumba yote. Akakuta alama ya kidole. Nikaanza upya.

Na asubuhi hii, pale mlangoni pa kanisa, palikuwa na mzee wa kukaribisha watu, mwenye mvi. Sikumtambua. Yeye alinitambua. Alivua kofia, hakuna aliyemwamuru, akasema, "Yambo, mama." Nami nikamjibu mwanangu Kalenga, tukakumbatiana.

Ndugu zangu, kama jina la mwanamke mmoja wa Kolwezi lilisimama mlangoni nisichukuliwe, je, Jina la Yesu, lipitalo majina yote, halitafanya zaidi? Wewe uliyefukuzwa, wewe unayeumwa, wewe uliyeshika rungu, livae leo. Usingoje kupona kwanza. Mimi nilibebwa sijiwezi. Asante Yesu kwa mgongo ule ulionibeba, asante kwa uhai huu. Na sasa naketi, maana Mama Ngoie ananitazama, na ninyi mmeingia humu na viatu vyenye vumbi. Amina.