Mama Mvuke na Swali la Daktari

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mvuke, alizaliwa Jumapili tarehe 4 Agosti 1957, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli. Mama alizaa watatu. Wa kwanza alifariki akiwa mchanga, wa pili ndiye anayewasomea haya, na wa mwisho ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Alianza shule mwaka 1965. Mwaka uliofuata baba alifariki, ikabidi mmoja wetu afanye kazi. Kaka yake akaacha darasa la nne akaingia karakana, na elimu iliyobaki akaiokota kwenye vitabu vilivyotupwa na wenzake. Marehemu akamaliza darasa la nane mwaka 1972. Tangu hapo, neno la kaka kwake halikuwa na rufaa.

Tarehe 2 Januari 1976 aliajiriwa hospitalini, katika chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Alikaa humo miaka thelathini na minne. Siku moja daktari bingwa aliokota mkasi ulioanguka sakafuni, akataka kuingia nao kwa mgonjwa. Marehemu akamnyang'anya.

"Wewe muosha vyombo unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, daktari. Nakusubirisha."

Bingwa alisubiri dakika arobaini mpaka mkasi ukatoka kwenye mvuke, na jina likapatikana siku hiyo. Siku hizi vifaa vinakuja kwenye plastiki na kutupwa na plastiki yake, na hakuna anayejua ni mkono wa nani ulivisafisha.

Mwaka 1980 aliolewa na fundi saa, mtu wa utani, aliyefariki mwaka 2011. Shemeji alizoea kutuambia, "Nilioa mke, nikaletewa na zahanati," maana hakushika hata kitasa cha jikoni kabla ya kunawa.

Machi 2018 aliwekewa goti la chuma. Akatembea vizuri miaka sita. Tarehe 3 Mei mwaka huu wa 2024 alijikata kidole cha mguu, kidonda cha kufunga kitambaa tu. Jumatatu tarehe 6 akapata homa, goti likavimba. Kaka yake akampelekea vidonge vya rangi mbili vilivyobaki yeye mwenyewe alipougua kifua.

"Kaka, mwenye chuma mwilini anaanza na kipimo. Kidonge baadaye."

"Na wewe umeanza kunisubirisha?"

Akacheka. Akameza, kwa sababu kaka amesema. Akameza siku nne.

Ijumaa tarehe 10 tulimpeleka hospitali. Daktari, binti wa rika la watoto wetu, aliuliza kabla ya kuvuta maji ya goti: "Kuna dawa yoyote amemeza?" Kaka yake aliangalia dirishani. Marehemu alimtazama kaka yake, kisha akajibu, "Sijameza kitu, mwanangu."

Maji yalipimwa maabara, hakuna bakteria walioota. Ikasemwa si bakteria, akarudishwa nyumbani. Tarehe 17 alianguka bafuni. Goti lilipofunguliwa, bakteria walikuwa wamejigandisha kwenye chuma kama utelezi wa mtungi usiosuguliwa, na walikwishaingia kwenye damu. Alifariki Jumanne tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi. Jumapili ya kabla ya homa alikuwa amepanda ngazi za kwangu bila fimbo, akinitania kwamba napumua kama treni. Hadi sasa sielewi.

Baada ya kifo daktari alieleza kwamba dawa iliyotangulia kipimo huwaficha bakteria bila kuwamaliza. "Tungejua, babu, tusingeliamini lile jibu tupu. Tungerudia."

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kaka mmoja.

Yule daktari amekuja, amesimama pale nyuma. Binti yangu, uliuliza swali, hukujibiwa. Jibu ni hili, na nimelichapisha ili lisifutike: alimeza vidonge kumi na sita, na aliyempa ni mimi. Kwa miaka thelathini na minne mdogo wangu hakupitisha chombo kichafu hata kwa bingwa. Uongo wake ulikuwa mmoja, wa kunisitiri mimi mbele yako. Nauchukua hapa, usizikwe naye.

Lala salama, mdogo wangu. Uende ukiwa safi, kama ulivyoishi.