Barua Iliyokaa Mfukoni Siku Sita

Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima, Mwalimu Theodosia uliyetuvumilia miaka mitatu, wageni waalikwa, nanyi wahitimu wenzangu wenye mvi: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Mnashangaa kuniona mimi Gervasi, mwenyekiti wenu wa kijiji hapa Kasulo, nimekaa upande wa wahitimu? Shangaeni taratibu, nina kisa.

Darasa hili lilipofunguliwa, mimi ndiye niliyewahimiza nyote mjiandikishe, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupata dharura. Na ndugu zetu waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili walipojaza madawati, nilisema, tena kwa sauti, kwamba mkimbizi jembe linamtosha. Sikusema vizuri.

Mwaka juzi ikaja barua kutoka wilayani. Nikaitia mfukoni. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Inashughulikiwa." Ilishughulikiwa siku sita, ndugu zangu, hata ikanuka tumbaku yangu. Siku ya sita akaja Mama Niragira, mmoja wa wakimbizi wale wa darasani, mjane mwenye watoto wanne, aliyeishi kwa kibarua cha kulima mashamba yetu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Ile barua inasemaje?"

"Marahaba. Inashughulikiwa."

"Basi nipe nikusaidie kuisoma, naona shughuli zimekuzidi."

Nikampa, ningefanyaje? Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno: zahanati inatafuta mhudumu anayeweza kusoma vibandiko vya chupa za dawa, na mwisho wa kuomba ni kesho. Kisha akaomba nimtambulishe. Barua ya utambulisho akaiandika mwenyewe, mimi nikabandika dole gumba, na alfajiri akashika njia kwa miguu kwenda wilayani kuomba kazi.

Akaipata. Leo nani kati yenu hajapokea dawa kutoka mkononi mwa Mama Niragira? Hata mimi hunipa, na maelekezo hunisomea mara mbili, kwa makusudi, wagonjwa wote wasikie. Nastahili. Aibu yangu ilikaribia kuwanyima watoto wale chakula, na nikikumbuka moyo unaniuma. Ndiyo maana wiki ile ile nilimfuata Mwalimu Theodosia, nikaomba dawati la nyuma kabisa.

Ndugu Mratibu, najua umekuja na barua ya kumthibitisha Mama Niragira kazini, nayo inataka sahihi ya mwenyekiti wa kijiji.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Sasa, Ndugu Mratibu, ule wino wa dole gumba uweke pembeni. Niazime kalamu.