Mzee Ndahiro na Rezidenti wa Khemling

Wachungaji, majirani wa Buffalo, na ninyi mliosafiri toka Louisville na Columbus, familia inawasomea maisha ya baba yetu, mzee Ndahiro Elisée.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 huko Minembwe, Kivu ya Kusini, mtoto wa mzee Kamanzi, ambaye ng'ombe zake zikishuka kunywa, mto ulikuwa unasimama kidogo, na anayebisha, wazee wa kule wamekaa hapa. Alisoma shule ya primeri mpaka mwaka wa tano, bon, mengine akajifunza kwa masikio. Mwaka 1981 alimuoa mama Mariya, Mungu akawapa Gatsinzi, Umutesi na Shami.

Vita ikawafukuza, wakaishi kambini Nakivale, Uganda, na tarehe 9 Julai 2013 wakafika Louisville, huku Amerika, mtaa wa Iroquois. Mwaka 2016 wakahamia Columbus, akapata kazi ya kufunga maboksi kwenye depo, ghala la bidhaa, na pale akakutana na mzee Norzang, mkimbizi wa milima ya Himalaya, ambaye babu yake alilinda mlango wa mfalme wa Khemling, kaufalme kadogo chini ya Waingereza.

Norzang alimweleza, kwa Kiingereza chao cha kuokota, kwamba Waingereza walimwachia mfalme kiti na ngoma, wakamwekea mtu wao aliyeitwa Rezidenti. Marehemu akafurahi, akasema hata sisi tuko marezidenti, tulipewa kadi ya kukaa Amerika, donc huyo Mwingereza naye aliomba kadi kwa mfalme? Norzang akacheka mpaka maboksi yakaanguka, akajibu, hapana kaka, kule mfalme ndiye aliomba ruhusa kwa Rezidenti, hata ya kuoza binti yake, hata ya kuziba paa linalovuja. Hapo marehemu akakumbuka habari za mwami, mfalme wa kwao, aliyeomba ruhusa hivyo hivyo kwa Wabelgiji.

Norzang alipougua ugonjwa uliomchukua, watoto wake wakiwa wanajua Kiingereza tu na hawaulizi habari za kule, alimuomba marehemu jina la Khemling lisizikwe naye. Marehemu akalisimulia kanisani, kwenye basi, hata kwa daktari wa meno, mdomo wazi.

Mwaka 2022 alihamia hapa Buffalo kwa Gatsinzi, figo zikamsumbua, akatuagiza, Khemling isiposomwa siku yangu, nitaamka niisome mwenyewe. Alituacha hospitalini tarehe 3 Februari 2025, mkono wake ndani ya mkono wa mama Mariya.

Tunashukuru madaktari, majirani wa Kensington-Bailey, na wenzake wa depo.

Baba, umefika ugenini tena. Usiwe kama yule Rezidenti, mwachie Mwenye nyumba nyumba yake. Ukimuona Norzang, mwambie Khemling imetajwa, kanisa limejaa, wote wamesikia. Sasa hauna sababu ya kuamka. Pumzika kwa amani, mwana wa Kamanzi.